Bei ya Kasoro: Hesabu na Lugha katika Kituo cha Mafuta

Biashara, sawa na fasihi, ina mbinu zake za kuiteka hadhira. Mojawapo ni kuikomesha bei hatua moja tu kabla ya tarakimu kamili. Makala haya yananuia kueleza chimbuko la mbinu hiyo katika vituo vya mafuta vya Marekani, na kuonyesha jinsi Kiswahili kinavyoweza kuifichua.

Nchini Marekani, bei ya galoni moja ya petroli (takriban lita 3.8) huandikwa, tuseme, dola 3.49, kisha hufuatwa na tisa ndogo: sehemu tisa za kumi za senti. Hakuna sarafu ya thamani hiyo. Hata ile ya nusu senti ilikoma kutengenezwa mwaka wa 1857. Jimbo la Oregon lilianza kutoza ushuru wa petroli mwaka wa 1919, na mwaka wa 1932 serikali kuu ikaongeza wake wa senti moja kwa galoni. Wakati huo galoni iliuzwa kwa chini ya senti 20, hivyo senti nzima ilikuwa tofauti kubwa na wauzaji wakashindana kwa visehemu vyake. Bei imepanda mno tangu hapo, ila tisa imesalia. Mnunuzi hukumbuka 3.49 ilhali amelipa karibu 3.50, kwa galoni 10, senti 9 zimemponyoka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki ni cha muuzaji.

Siri imo katika usomaji. Mwaka wa 2005, watafiti Manoj Thomas na Vicki Morwitz walidhihirisha kwamba tofauti ya senti moja huonekana kubwa zaidi pale ambapo tarakimu ya kushoto inabadilika. Jicho hushika la kwanza, la mwisho likapuuzwa.

Nchini Kenya hali ni tofauti. Tangu Desemba 2010, bei ya juu kabisa ya mafuta hukokotolewa na mdhibiti kila mwezi. Mnamo Septemba 2023, lita ya petroli jijini Nairobi iliwekewa shilingi 211.64 na ya dizeli 200.99. Hiyo 99 ni zao la hesabu, si chambo. Chambo tunakipata madukani, kwenye kiatu cha shilingi 999.

Tukisema "mia tisa tisini na tisa", sikio hunaswa na mia tisa. Hata hivyo, Kiswahili kina njia nyingine. Msemaji wa "saa tatu kasorobo" hutaja kwanza saa inayokaribia, kisha upungufu wake. Vivyo hivyo, "elfu moja kasoro shilingi moja" hutanguliza ukweli. Isitoshe, neno kasoro lina maana ya dosari pia.

Mlaji wa kipato kidogo ndiye anayeumizwa zaidi na hesabu hizi. Hivyo basi, sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambao kesho tutatunga na kutafsiri matangazo, hatuna budi kuamua iwapo lugha yetu itamfumba macho au itamfumbua.