Kibali cha kuondoka (usafiri wa anga)

Kibali cha kuondoka ni maelekezo ambayo mwongoza ndege humpa rubani kabla ya safari. Humweleza njia atakayofuata, kimo atakachopanda na watu atakaowasiliana nao baada ya kuacha ardhi. Ni cha lazima hasa kwa ndege zinazoruka kwa kanuni za vifaa, yaani safari ambamo rubani hutegemea vyombo vya ndege badala ya kuona ardhi, milima na ndege nyingine kwa macho yake.

Kibali hiki si ruhusa ya kuruka. Ruhusa ya kuruka hutolewa peke yake, ndege ikiwa tayari na barabara ya kurukia ikiwa wazi. Kuchanganya mambo hayo mawili kulichangia ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko nyingine yoyote katika historia.

== Sehemu za kibali ==

Kwa kawaida kibali huwa na mambo matano:

* mahali ambapo kibali kinaishia, mara nyingi uwanja wa mwisho wa safari;
* njia ya kufuata, mara nyingi ile iliyochorwa tayari kwenye ramani za kuondokea za uwanja husika;
* kimo cha kwanza ambacho ndege haitakiwi kukipita bila maelekezo mapya;
* masafa ya redio ya kutumia baada ya kuruka;
* namba ya tarakimu nne inayowekwa kwenye transponda ili ndege itambulike kwenye rada.

Rubani huyaandika, kisha huyarudia kwa redio. Mwongoza ndege husikiliza marudio hayo na kusahihisha kosa lolote.

== Sababu za kutoelewana ==

Kosa moja la kawaida linahusu kimo. Rubani aliyeomba kusafiri kwenye futi 30,000 anaweza kupewa kwanza futi 9,000 tu, ili apite chini ya ndege inayokuja. Akishika kile alichoomba badala ya kile alichopewa, ataingia katika njia ya mwingine.

Makosa mengine hutokana na ndege mbili zenye namba za safari zinazofanana, tarakimu zinazosikika vibaya, au mabadiliko ya njia yanayotolewa wakati rubani ana shughuli nyingi. Mazoea nayo yana hatari yake: anayeondoka kila siku kwa njia ileile huweza kusikia alichokitarajia, si kilichosemwa.

== Ajali ya Tenerife, 1977 ==

Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa kwenye barabara moja ya kurukia katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Hispania. Ukungu ulikuwa mzito, hivyo marubani hawakuonana na mnara haukuziona ndege.

Ndege ya KLM ilipewa kibali cha njia, nacho kilitaja upande wa kugeukia baada ya kuruka. Msaidizi wa rubani alikirudia na kuongeza maneno yaliyomaanisha kwamba walikuwa sasa katika kuruka. Mwongoza ndege alielewa kwamba wako tayari na wanasubiri. Alijibu "sawa", kisha akawaambia wangoje. Wakati huohuo Pan Am ilitangaza kwamba bado iko barabarani. Mawimbi ya redio yaligongana, na ndani ya KLM neno lililosikika wazi lilikuwa "sawa". Ndege hiyo ilikuwa imekwisha kuanza kukimbia. Watu 583 walikufa. 61 waliokuwa ndani ya Pan Am waliokoka.

== Afrika Mashariki ==

Kosa la kusikia vibaya kibali, safari hiyo kikiwa cha kushuka, nusura lilete maafa Nairobi tarehe 3 Septemba 1974. Ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500, lakini marubani walisikia futi 5,000. Uwanja wenyewe uko kwenye zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kimo walichokishika kilikuwa chini ya ardhi. Ndege ilifika takriban futi 70 tu kutoka ardhini kabla ya kupandishwa tena. Wote waliokuwamo walinusurika.

Nchini Tanzania huduma ya kuongoza ndege hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Katika Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro umuhimu wa kimo na upande wa kugeukia unaonekana wazi, kwa kuwa uwanja uko kati ya Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro wenye urefu wa mita 5,895.

== Hatua za kuzuia makosa ==

Baada ya ajali ya Tenerife, neno la Kiingereza la "kuruka" lilitengwa: hutumika tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Kwingine kote husemwa "kuondoka". Kujibu "sawa" hakutoshi. Rubani hurudia njia, kimo na namba alizopewa. Tarakimu hutamkwa mojamoja, na 9 ina matamshi maalumu isichanganywe na 5.

Tangu Machi 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) linataka marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wawe na kiwango maalumu cha lugha inayotumika redioni. Katika viwanja vingi vikubwa duniani kibali hutumwa pia kwa maandishi hadi ndani ya ndege. Hata hivyo maandishi hayo hayaondoi kanuni ya msingi: rubani mwenye shaka huuliza kabla ya kusogeza ndege.