Je, Wajua? Mtandao Ulijengwa na Watu Waliohama Fani

JE, WAJUA kuwa mmoja wa watu wa kwanza kuota intaneti alikuwa mwanasaikolojia? J.C.R. Licklider alipata shahada ya uzamivu mwaka 1942 katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kwa kuchunguza jinsi sikio na ubongo vinavyopokea sauti. Miaka 20 baadaye alikabidhiwa kitengo cha utafiti wa kompyuta cha ARPA, shirika lililo chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Aprili 1963 akawaandikia wenzake waraka akiwataka wafikirie namna ya kuziunganisha kompyuta zao. Kwa mzaha, akauita mtandao huo wa magalaksi.

Bob Taylor, aliyekuja kushika kiti hichohicho na kutafuta fedha za kuanzisha mtandao wa kompyuta wa ARPANET, naye alisomea saikolojia. Ofisini kwake palikuwa na mashine tatu za kuchapia, kila moja imeungwa na kompyuta ya mbali ya peke yake. Akitaka kuwasiliana na watu wa kompyuta nyingine, ilibidi ainuke ahamie mashine nyingine. Akajiuliza kwa nini isiwe moja tu. Swali hilo angeweza kuliuliza karani yeyote.

Nawataja hawa mapema kwa sababu mhasibu, mwalimu au nesi anayetaka kuhamia TEHAMA huanza na swali hili: “Mimi si nimechelewa? Kompyuta sikusomea.”

JE, WAJUA kuwa majina ya .com, .org na .gov yanayomalizia anwani za tovuti yalitoka katika kundi lililoongozwa na mwanamke aliyesomea kemia? Elizabeth Feinler, maarufu kama Jake, alikuwa akisomea uzamivu wa biokemia katika Chuo Kikuu cha Purdue, akaacha, akaenda kufanya kazi ya kupanga na kufupisha taarifa za kemia. Kutoka hapo akaingia Taasisi ya Utafiti ya Stanford, na katika miaka ya 1970 na 1980 akawa msimamizi wa kituo cha taarifa cha ARPANET. Kompyuta mpya ikitaka kujiunga, jina lake lilisajiliwa kituoni hapo. Ujuzi aliokuja nao ni ule wa mtu wa maktaba: kujua nini kiko wapi na nani wa kuulizwa. Mpaka leo, ofisi nyingi zina mtandao mzuri ambao hakuna aliyeandika popote waya upi unakwenda chumba kipi. Mtu wa masijala akihamia TEHAMA ana la kuwafundisha waliomtangulia.

JE, WAJUA kuwa Grace Hopper alikuwa mwalimu wa hisabati mwenye umri wa miaka 37 alipojiunga na akiba ya Jeshi la Wanamaji la Marekani mwaka 1943? Ndipo alipokutana na kompyuta kwa mara ya kwanza. Alistaafu jeshini mwaka 1986, akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali. Katika mihadhara yake alikuwa akigawa vipande vya waya vyenye urefu wa takriban sentimita 30, kila kimoja sawa na umbali unaopitiwa na mwanga katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Wakubwa wa jeshi walipolalamika kuwa ujumbe wa setilaiti unachelewa, aliwaambia kuwa vipande kama hivyo ni vingi mno kati ya hapa na juu.

Hesabu hiyo inatuhusu sana Waafrika Mashariki. Setilaiti zilizotuhudumia zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lako lipande, lishuke ng’ambo, na jibu lipande tena ndipo likufikie: safari nzima inazidi kilomita 140,000, karibu nusu sekunde, kabla hata seva haijafikiri. Waliokuwa wakipiga simu za intaneti wakati huo wanakumbuka watu wawili wakianza kuongea pamoja, wakinyamaza pamoja, kisha wakianza tena pamoja. Mwaka 2009 mkongo wa TEAMS ukaiunga Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu, umbali wa takriban kilomita 5,000, na mwaka huohuo SEACOM ukatua Mombasa na Dar es Salaam. Ndani ya kioo mwanga hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo Mombasa hadi Fujairah na kurudi ni sehemu 50 za elfu moja za sekunde.

Pwani hii haikuwa ngeni kwa nyaya za baharini. Kebo ya telegrafu kutoka Aden ilifika Zanzibar mwaka 1879 na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Lile jengo la zamani la Extelcoms, Shangani, Zanzibar, lililogeuzwa kuwa hoteli ya Serena, ni ukumbusho wa biashara hiyo ya simu za nyaya.

JE, WAJUA fundi anajuaje mahali mkongo ulipokatika chini ya bahari bila kupiga mbizi? Hutuma mwale mfupi wa mwanga kutoka nchi kavu na kupima muda unaochukua kurudi baada ya kugonga mahali palipokatika. Mwale ukirudi baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kasoro iko kilomita 100 kutoka ulipo. Meli hupelekwa hapo, hushusha ndoana, huvuta ncha mbili na kuziunga upya. Kazi ya namna hiyo ilihitajika Februari 2012 meli ilipotia nanga mahali pasiporuhusiwa nje ya bandari ya Mombasa na kuukata TEAMS, na tena Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika na kuipooza intaneti ya Tanzania na majirani.

Kifaa cha kutuma na kupima mwale huo, kwa umbo dogo, hubebwa begani na mafundi wa mkongo wa nchi kavu. Uzi mmoja wa kioo una unene wa mikromita 125, na njia ya mwanga katikati yake ni kama mikromita 9 tu. Fundi humenya ganda, husafisha uzi kwa spiriti, huukata ncha iwe wima kabisa, halafu mashine huzilinganisha ncha mbili na kuziyeyusha pamoja kwa cheche ya umeme. Chembe moja ya vumbi inatosha kukuharibia. Fundi saa au mshonaji mwenye mkono uliotulia anaweza kuipenda kazi hii kuliko kijana wa shahada ambaye hana subira.

JE, WAJUA kuwa nyaya za ndani ya kebo ya mtandao husokotwa mbili mbili kwa wazo la mwaka 1881 la Alexander Graham Bell? Kusokota kunapunguza kelele za umeme kutoka waya jirani. Ukimenya kebo utakuta jozi nne, na mpangilio unaotumika sana, T568B, ni huu kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Anayeanza hushangaa kuona jozi ya kijani imetenganishwa na ya bluu imekaa katikati, akafikiri kuna makosa. Basi huzipanga “vizuri”, jozi moja baada ya nyingine, pande zote mbili. Kipima waya cha bei rahisi kitawasha taa zote nane, mteja atalipa, fundi ataondoka. Kisha mtandao utaanza kusuasua, kwa sababu ishara sasa inapita kwenye waya ambazo hazikusokotwa pamoja. Hapo kipimo cha taa hakisaidii. Anayejua sababu ya mpangilio ndiye atakayeitwa kurekebisha.

Sokoto lisifunguliwe zaidi ya milimita 13 pale kwenye kichwa, na kebo nzima isizidi mita 100. Mambo haya hujifunzwa kwa koleo la kubania mkononi na vichwa kadhaa vya kutupwa. Fundi umeme ana nafasi ya kuanzia mbele zaidi, kwani tangu kiwango cha mwaka 2003 kebo hiyohiyo hubeba pia umeme, wati 15.4 kutoka kwenye swichi, wa kuendeshea kamera za ulinzi na simu za mezani. Anajua habari ya ardhi na radi, jambo ambalo vitabu vingi vya mitandao hulipitia juu juu.

JE, WAJUA kuwa anwani za IP za toleo la nne zote kwa jumla ni 4,294,967,296? Akiba kuu ya dunia iligawiwa ikaisha tarehe 3 Februari 2011, kila sajili ya kanda ikipewa fungu lake la mwisho. Ya Afrika inaitwa AFRINIC na makao yake yako Mauritius. Somo la kugawa anwani hizi huwatisha wengi, lakini mtu wa hesabu za duka ataiona nyepesi. Fungu la kawaida lina anwani 256. Ya kwanza ni jina la mtandao, ya mwisho ni ya kutangazia wote, zinabaki 254. Unataka kutenganisha idara nne? Gawanya kwa nne: kila idara ina 64, ukitoa zile mbili ni 62. Kwa anayeanza leo, ushauri wangu ni asiishie hapo, ajifunze toleo la sita mapema.

JE, WAJUA kuwa Sandy Lerner, mmoja wa wawili walioanzisha kampuni ya Cisco mwaka 1984, shahada yake ya kwanza ilikuwa ya sayansi ya siasa? Alikuja kusimamia kompyuta za shule ya biashara ya Stanford, wakati mumewe, Leonard Bosack, akisimamia za idara ya kompyuta. Hadithi inayopendwa ni kwamba walibuni ruta ili waandikiane barua za mapenzi. Ni tamu, lakini programu ya ruta ilikuwa ya William Yeager, mfanyakazi wa Stanford, na mwaka 1987 chuo kiliipa Cisco leseni ya kuitumia. Lerner aliondolewa kwenye kampuni mwaka 1990, akahama tena, safari hii kwenye vipodozi: ni mmoja wa waanzilishi wa Urban Decay.

Wapo pia waliokwenda upande wa pili. Mary Allen Wilkes aliandika programu za kompyuta ya LINC, na mwaka 1965 alikuwa nayo nyumbani kwa wazazi wake akifanyia kazi. Mwaka 1972 akaacha yote akaingia shule ya sheria ya Harvard, akawa wakili.

Na sheria yenyewe ni mlango. Watoa huduma wa Kenya walipofungua kituo cha kubadilishana data Nairobi mwishoni mwa mwaka 2000, ili barua ya mtaa huu kwenda mtaa wa pili isizunguke kwanza ng’ambo, mitambo ilifanya kazi. Kilichokifunga kituo ndani ya majuma machache ni hoja ya leseni, na kilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya mabishano ya kisheria. Leo Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina ya kwake ya mwaka 2022. Mwanasheria anayeelewa seva ni nini ana soko.

JE, WAJUA kuwa Radia Perlman, aliyebuni mbinu inayozuia swichi zisizungushe ujumbe bila kikomo, amewahi kusema hakuwa mtoto wa kufungua vyombo kuona kilichomo? Mwaka 1985, akiwa kampuni ya DEC, alipewa tatizo hilo mkubwa wake akienda likizo. Alilimaliza mapema, na siku zilizobaki akatunga shairi kulieleza. Umuhimu wake utauona siku mfagizi wa ofisi atakapookota ncha ya kebo inayoning’inia, akaichomeka kwenye swichi ileile yenye ncha ya pili. Bila kinga hiyo ujumbe huzunguka na kujizalisha mpaka ofisi nzima inakaa kimya, na kila mtu anailaumu kampuni ya intaneti.

JE, WAJUA kuwa mtihani wa CCNA, unaojulikana sana miongoni mwa waajiri wa watu wa mitandao, haudai shahada yoyote wala cheti kilichotangulia? Ulianza mwaka 1998. Toleo lililoanza Februari 2020 lilikuja na ada ya dola 300 za Marekani, na cheti huisha nguvu baada ya miaka mitatu, kwa hiyo ukikipata mapema mno kabla ya kutafuta kazi unakula muda wako mwenyewe. Wanaoona ni mzito huanzia A+ ya CompTIA, iliyopo tangu 1993. Matangazo ya kukufanya mtaalamu kwa majuma sita siyaamini. Kazi ya kwanza kwa wengi ni dawati la msaada: nywila zilizosahauliwa, printa zilizokwama, bosi aliyechomoa waya kwa mguu. Mwalimu au nesi huifanya vizuri kuliko wengi, maana ameshazoea kumuuliza mtu aliyekasirika maswali kwa mpangilio.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, jiandikishe bure kwenye Cisco Networking Academy na upakue Packet Tracer, programu inayokuwezesha kujenga mtandao mzima wa ruta na swichi ndani ya kompyuta moja. Jenga ofisi ya idara nne, ivuruge kwa makusudi, kisha itengeneze. Ukiona usiku umekwisha nawe bado unatafuta kwa nini kompyuta ya idara ya tatu haipati ya nne, anza kutafuta ada ya mtihani. Ukisinzia, baki na kazi yako, na ujifunze tu kubana kebo ya nyumbani.