Kabla ya kuuliza namba ya mguu, uliza anachezea wapi

Leo nawaletea somo la njumu, na somo lenyewe nililipia ada mimi mwenyewe.

Ilikuwa Januari, jua la kupasua mawe. Nilikuwa na pea moja kali sana, ya njano, mtumba ila bado inang'aa, meno ya chuma chini. Nikaipiga picha tatu, nikaweka status. Haikupita nusu saa kijana mmoja wa Handeni akaniandikia: "Dada, hiyo ya njano bado ipo?" Nikamjibu, "Ipo mdogo wangu, unavaa namba ngapi?" Akasema 42. Nikamwambia ni yako hiyo, 55,000, nauli ya mzigo juu yangu. Akatuma hela, mzigo ukapanda gari Korogwe asubuhi, mchana akawa nao. Nikajiona mjanja.

Siku mbili baadaye napokea sauti yake WhatsApp. Alicheza nazo mechi ya ndondo kwenye uwanja wa udongo, mkavu kama sakafu ya saruji. Kipindi cha kwanza anasema alikuwa kama anatembea juu ya misumari. Kipindi cha pili akageuka ghafla, meno yakashindwa kuingia ardhini, kiatu kikateleza upande na kifundo cha mguu kikafuata. Kijana anaendesha bodaboda. Wiki nzima hakukanyaga gia. Na hela ya njumu alikuwa amekopa.

Hakunitukana, hilo namshukuru. Ila ile picha ya mguu uliovimba iliingia kwenye kundi la timu yao na maneno "kwa huyu dada tuwe makini". Wateja watatu wa Handeni waliokuwa wameniahidi kununua wakapotea kimya kimya.

Njumu ilikuwa nzima, namba ilimtosha, rangi aliipenda mwenyewe. Kosa lilikuwa swali ambalo mimi muuzaji sikumuuliza: unachezea wapi?

Sasa tuelewane kitu. Wengi wetu tunauza njumu kwa jina la kampuni na rangi. Mteja naye anachagua kwa kuangalia aliyoivaa mchezaji anayempenda. Lakini yule mchezaji anacheza kwenye nyasi zilizokatwa na kumwagiliwa, na wa kwetu anacheza Handeni mwezi wa kwanza. Kitu cha kwanza kinachoamua kama njumu itamfaa ni soli, na soli ina herufi zake. Tafuta kwenye boksi, au kwenye lebo ndogo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu, au chini ya soli yenyewe. Ukizijua herufi hizi umewazidi nusu ya wauzaji wa mtandaoni.

FG ni ya uwanja wa nyasi za kawaida, ardhi imeshikamana lakini bado inakubali jino kuingia. Meno yake ni ya plastiki ngumu, yameungana na soli, huwezi kuyafungua. Hii ndiyo iliyojaa sokoni, kwenye mabelo na madukani.

SG ni ya uwanja laini uliolowa. Meno machache, mara nyingi sita, marefu, mengi yana ncha ya chuma na yanafunguliwa kwa ufunguo wake. Ile ya njano ilikuwa hii.

AG imetengenezwa kwa nyasi bandia kama za Nyamagana pale Mwanza au Kaitaba Bukoba. Meno mengi, mafupi, yametawanyika soli nzima.

TF, ambayo Puma wao wanaiandika TT, haina meno marefu kabisa. Soli yake ni ya mpira, imejaa vinundu vidogo vingi kama vipele. Halafu kuna IC au IN (Puma wanaandika IT), soli bapa kabisa kwa ajili ya ukumbi wa ndani. Ukikutana na HG shukuru Mungu, hiyo ni ya ardhi ngumu hasa, ila kwetu ni adimu.

Usidhani hizi ni mbwembwe za wazungu. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 kule Bern, Uswisi, mvua ilinyesha na uwanja ukawa tope. Ujerumani Magharibi walikuwa na viatu vya Adi Dassler, mwanzilishi wa Adidas, vyenye meno ya kufungua, wakafunga marefu yanayofaa tope. Walikuwa nyuma 2-0 ndani ya dakika kumi za mwanzo dhidi ya Hungary, timu iliyokuwa inaogopwa dunia nzima. Wakashinda 3-2. Sisemi viatu ndivyo vilivyofunga magoli, ila watu wanaizungumzia ile soli mpaka leo.

Turudi nyumbani. Korogwe na Handeni zimeachana kilomita 65 tu za lami, lakini kwa muuza njumu ni masoko mawili. Handeni viwanja vingi ni udongo mkavu wenye changarawe, na kiangazi kikikolea vumbi linapanda mpaka kocha haoni winga wake. Ardhi ile jino refu haliingii. Linabaki limesimama juu, uzito wote wa mchezaji unakaa kwenye vidoa vichache chini ya unyayo, ndiyo maana yule kijana alisikia misumari. Huko weka TF na AG. FG yenye meno mafupi ya mviringo itaenda, ila mwambie mteja ukweli kwamba changarawe itayala meno mapema.

Korogwe ni mji wa bondeni, Mto Pangani unapita hapo. Masika yakishuka, kuanzia Machi mpaka Mei, kuna viwanja vinageuka matope kabisa. TF kwenye tope ni kuteleza tu, vile vinundu vinajaa udongo na soli inakuwa kama sabuni. Hapo FG ndiyo inakaa sawa. Lakini kiangazi kikirudi, viwanja vile vile vinakuwa vigumu kama vya Handeni. Kwa hiyo usiulize tu "uko wapi", uliza na "utaanza kuivaa lini". Mtu anayenunua Februari kwa ajili ya ligi ya Aprili si mteja sawa na anayecheza Jumapili hii.

Uwanja ukishajulikana ndipo uingie kwenye staili ya mchezaji. Hapa wauzaji wengi wanaanza na hapa, ndiyo shida. Muulize anacheza namba ngapi na anapenda kufanya nini na mpira.

Winga na mshambuliaji wa mbio anataka kiatu chepesi kinachoshika mguu kama soksi. Nike Mercurial, Adidas X na F50, Puma Ultra, zote ziko kundi hilo. Ubaya wake ngozi yake ni nyembamba, akikanyagwa anasikia mpaka kwenye mfupa, na kwenye changarawe haidumu. Kiungo wa pasi na chenga fupi mpe kiatu laini kwa juu. Nike Phantom, Adidas Predator na Puma Future zimetengenezwa kwa mtu anayetaka kuutuliza mpira na kuuzungusha. Beki, na yule mzee wa timu ya maveterani mwenye mguu mpana, mpeleke kwenye Tiempo, Copa au Puma King. Ni viatu vyenye nafasi, matoleo mengi ni ya ngozi, na ngozi inakubali umbo la mguu baada ya mechi mbili tatu. Golikipa avae chochote kinachomshika vizuri akiruka, hana mambo mengi.

Angalia na umbo la jino. Jino la mviringo linaruhusu mguu kuzunguka. Jino bapa, lile kama kisu kifupi, linang'ang'ania ardhi zaidi, linamfaa mtu wa mbio za kunyooka. Mteja akikwambia goti lake lilishawahi kumsumbua, mimi simuuzii bapa hata akiililia. Bora nikose 50,000.

Kidogo kuhusu majina ya madaraja, maana hapa tunapigwa na sisi tunawapiga wengine bila kujua. Nike ina Elite, chini yake Pro, halafu Academy, halafu Club. Zote zinaweza kuwa Mercurial, rangi moja, picha moja, lakini bei na uzito tofauti kabisa. Ukiwa na Academy andika Academy. Usiandike "Mercurial OG" halafu ukanyamaza. Na kama ni kopi sema ni kopi. Kopi inauzika kwa bei yake, hakuna aibu.

Namba ya mguu. 42 ya kampuni moja haikai sawa na 42 ya nyingine, na mtumba ulioshavaliwa umeshatanuka. Mwambie mteja asimame juu ya karatasi, kisigino kigusane na ukuta, apige alama mbele ya kidole kirefu, apime kwa rula, akutumie sentimita. Kisha wewe soma lebo ya kiatu penye CM au JP. Imeandikwa 26.5, au 265 ambayo ni milimita, kitu kile kile. Mguu wa sentimita 26 unaingia hapo vizuri. Wazazi wa watoto watakuomba namba mbili juu "ili akue nayo", hasa shule zikianza kujiandaa na UMITASHUMTA na UMISSETA. Sentimita moja mbele inatosha. Ikizidi hapo mtoto anacheza kiatu kinamfuata nyuma.

Kwenye mtumba, kabla hujapiga picha, kunja kiatu mpaka mbele ikutane na katikati. Soli ikiachia mdomo hata kidogo, gundi imekwisha. Kuna viatu vinakuja vinaonekana vipya kabisa kumbe vilikaa stoo miaka mingi, vinaachia mechi ya kwanza. Kwenye SG jaribu kufungua kila jino. Lililoshika kutu halitoki, na lililolika likawa na makali refa makini hamruhusu mtu nalo, maana sheria namba 4 ya soka inakataza mchezaji kuvaa kitu chochote cha hatari.

Sasa jinsi ya kuposti. Zamani niliweka picha ya upande tu, ile inayopendeza. Siku hizi picha ya kwanza ni ya upande, ya pili ni soli, ya tatu ni lebo inayoonyesha sentimita, ya nne ni kasoro yoyote iliyopo. Maelezo yangu yako hivi:

"Adidas Copa, mtumba, FG meno ya mviringo. Cm 26.5. Ngozi laini, inafaa beki na kiungo. Nzuri kwa nyasi na uwanja wa tope la wastani. Kwa uwanja mkavu wa changarawe sikushauri, niulize nikupe nyingine. Kisigino cha kushoto kina mkwaruzo, angalia picha ya nne. 45,000."

Kuna mwenzangu aliniambia nikiandika "sikushauri" nafukuza wateja. Kwangu imekuwa kinyume. Wa Handeni wanaisoma, wanakuja inbox wenyewe: "Dada, basi ya changarawe unayo ipi?" Hapo tayari ananiamini, hata bei hakazi sana.

Na mteja akija na "bei gani" tu, usimrushie bei ukakaa. Mjibu bei, kisha umuulize manne kwa mpigo: unachezea uwanja gani, unaanza lini, namba gani uwanjani, mguu sentimita ngapi. Atakayejibu yote ni mnunuzi. Asiyejibu hata moja alikuwa anapita.

Kuhusu kurudisha, mimi nimejiwekea siku tatu, kiatu kisiwe kimeingia uwanjani, nauli ya kurudisha ni yake kama alinipa sentimita za uongo, ni yangu kama mimi nilikosea. Naandika hivyo kabla hajatuma hela, siyo baada ya ugomvi.

Yule kijana wa bodaboda nilimrudishia 55,000 yake yote, njumu nikaziomba zirudi kwa gari. Baadaye nikamuuzia TF kwa 40,000, mpaka leo anacheza nazo na ameniletea wenzake wawili wa timu yake. Ile pea ya njano nilikaa nayo mpaka Aprili. Mteja mmoja akaniuliza kama nina njumu za meno marefu, yuko Lushoto, kule milimani mvua ilikuwa haijakatika wiki nzima na uwanja wao wa nyasi unatitia. Nikamuuliza yale manne, akajibu yote. Nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaweka na ufunguo wa meno ndani, ikapanda gari la Mombo siku hiyo hiyo.