Nani Aliyepanda Miembe ya Tabora?

Waulize wazee wa Tabora nani aliyepanda miembe mikubwa ya mji wao, na wengi watakujibu: wapagazi. Walikula maembe wakiwa safarini kutoka Bagamoyo, wakatupa kokwa, zikaota. Masimulizi hayo husikika hadi Ujiji, mwisho wa njia ya misafara ya kilomita zipatazo 1,200 iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa katika karne ya 19. Njia hiyo Tanzania iliiweka mwaka 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Masimulizi yana ukweli ndani yake, lakini kokwa yenyewe inadai nyongeza.

Punje ya mahindi ikikaushwa vizuri hukaa kihengeni hadi msimu ujao na bado ikaota. Mbegu ya embe haina subira hiyo. Imejaa maji, na ikikauka hufa. Ikitolewa kwenye tunda na kuachwa juani, uhai wake ni wa siku, na hata ikitunzwa kivulini huhesabiwa kwa wiki. Sasa pima safari. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, Novemba 7. Mpelelezi mwingine, Stanley, alienda haraka zaidi mwaka 1871, naye akatumia miezi mitatu. Embe lililochumwa Bagamoyo lisingefika Tabora, na kokwa yake ingekuwa imekufa zamani.

Basi mwembe, mti wa asili ya Asia ya Kusini uliofika pwani kwa biashara ya Bahari ya Hindi, ulipandaje bara? Ama mtu alibeba miche na kuimwagilia njia nzima, ama mti ulisogea kituo kwa kituo: kokwa ya pwani ikaota mwendo wa siku chache, mti wake ukazaa, na kokwa zake zikasogezwa mbele. Mwembe wa kokwa huchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo kila hatua ilidai miaka, na watu wa kukaa nayo.

Watu hao ndio wanaosahaulika. Tabora hukaa bila mvua ya maana tangu Mei hadi Oktoba, na mapori ya miombo yanayoizunguka huchomwa moto karibu kila mwaka. Mche wa mwembe hauwezi kiangazi cha kwanza bila maji, wala mbuzi bila uzio. Mpita njia hutupa kokwa akaenda zake. Anayeufikisha mche kwenye utu uzima ni mwenyeji. Ndiyo maana mwembe mkubwa ukiuona peke yake porini, karibu kila mara umesimama kwenye mahame.

Malipo ya utunzaji huo yalikuwa wazi. Miti mingi ya miombo hupukutisha majani kiangazi, wakati msafiri anapohitaji kivuli. Mwembe hubaki na majani mwaka mzima. Hutoa maua katika miezi ya baridi na ukavu, nzi na nyuki wakiyachavusha, na maembe huiva mvua zinapoanza, wakati akiba ya chakula inapopungua.

Si kila mwembe wa Tabora leo ni wa enzi za misafara. Unene hauthibitishi umri, kwani mti ulio karibu na maji hunenepa upesi, na pete za shina la mwembe haziaminiki kuhesabu miaka.

Miti mikongwe inapokufa, wengi hupanda miche iliyobebeshwa: mifupi, inayozaa mapema, mizuri kwa shamba. Mtaa wa Ng'ambo au Gongoni mjini Tabora unahitaji pia ule wa kokwa, mrefu na mpana, ambao watu wengi watakaa chini yake. Mbegu ni bure kila msimu wa maembe, mradi ifukiwe wiki hiyohiyo, na awepo mtu wa kuimwagilia kiangazi kikija.