Mbwa Mdogo wa Bariadi
Mbwa wa kienyeji aonekanaye katika miji ya Wasukuma wa Bariadi na Itilima, mkoani Simiyu, mdogo wa umbo, mwenye manyoya mafupi ya hudhurungi na mkia uliopinda, hana nasaba ijulikanayo, walakini ni hodari wa kustahimili jua na njaa, sifa ambayo wenyewe wameifanya hoja ya kumlisha makombo ya ugali peke yake. Hiyo, kwa rai yangu, ni dhuluma. Apewe na dagaa na maji safi, apekuliwe kupe masikioni, na kila mwaka achanjwe kichaa cha mbwa na ugonjwa wa distempa. Kwani mkoa wa Simiyu wapakana na Serengeti, ambako mwaka 1994 distempa ilihilikisha takriban thuluthi ya simba, na wataalamu wengi wakasadiki kwamba asili yake ni mbwa wa vijijini.