Polipu Inapojikunja

Tumbawe halina uso wala sauti. Anayelifuga nyumbani ndani ya tangi la kioo ana alama moja kubwa ya kufuata: minyiri imetoka au imeingia. Wengi huisoma alama hiyo harakaharaka. Imetoka, basi tumbawe lina afya, imeingia, linakufa. Hapo ndipo balaa huanza, kwani mwenye tangi hukimbilia kubadilisha mwanga, chumvi na nguvu ya pampu siku hiyohiyo, na mnyama aliyekuwa amepumzika tu anajikuta katika maji mageni. Polipu hujikunja kwa sababu nyingi, na hutanuka kwa sababu nyingi vilevile. Si kila kutanuka ni kwa heri.

Kwa kweli, ni chombo cha maji kilichotufanya tujue kwamba tumbawe ni mnyama. Mwaka 1706 Luigi Ferdinando Marsigli, mwanasayansi wa Bologna, alitia marijani nyekundu katika chombo chenye maji ya bahari, akaona vitu vyeupe vyenye ncha nane vikichanua juu ya matawi. Akatangaza kuwa ni maua. Miaka kadhaa baadaye Jean-André Peyssonnel, daktari wa Marseille, alirudia jaribio hilo kwenye pwani ya Afrika Kaskazini, akaona "maua" yale yakinywea yakiguswa na kuchomoza tena yakiachwa. Akaandika kwamba ni wanyama. Wanasayansi wa Paris hawakumwamini. Réaumur, aliyeiwasilisha kazi hiyo mbele yao, alilificha hata jina la mwandishi ili kumwepushia fedheha. Alikuja kukubali katika miaka ya 1740, baada ya Abraham Trembley kuchunguza haidra wa maji baridi. Peyssonnel hakuwa na kifaa cha ajabu. Aligusa, akasubiri, akatazama tena.

Polipu ni mfuko wa nyama wenye tundu moja tu. Tundu hilo ni mdomo, na ndilo pia linalotolea uchafu. Kulizunguka kuna minyiri: matumbawe laini yana minane, yenye vinyuzi pembeni, na yale magumu yenye mifupa ya chokaa huwa nayo kwa hesabu ya sita sita. Ngozi ya minyiri imejaa seli zenye vishale vya sumu ambavyo, kiwindwa kikigusa, hufyatuka kabla sehemu moja ya elfu ya sekunde haijaisha. Ubongo haupo. Kuna mtandao wa neva tu, na katika spishi nyingi mtandao huo unapita kutoka polipu moja hadi nyingine. Gusa polipu moja kwa ncha ya kijiti uone: katika spishi fulani wanajikunja majirani wachache tu, katika nyingine wimbi la kujikunja hulizunguka tumbawe zima.

Kujikunja na kutanuka huku huonekana vizuri zaidi usiku. Taa za tangi zikizimwa kwa saa moja hivi, washa tochi yenye mwanga mwekundu, ambao hausumbui sana polipu. Tumbawe lililokuwa limenywea mchana kutwa sasa limejaa minyiri iliyo angavu, na ncha zake ni nyeupe kwa wingi wa vishale. Dondosha uduvi mdogo mmoja kwa bomba jembamba la plastiki. Mnyiri wa kwanza unanata, wa pili na wa tatu inainama upande huohuo, kisha kingo za mdomo zinapanuka taratibu na uduvi unazama. Mara nyingi hata uduvi haujafika, minyiri huwa imeshatoka, maana polipu huhisi asidi za amino zilizoyeyuka majini. Ndiyo maana wafugaji wengi huweka tone la maji ya chakula kwanza, wakangoja, ndipo wakalisha.

Kwa nini basi matumbawe mengine hufunguka mchana? Ndani ya nyama ya polipu huishi mwani wa seli moja unaotengeneza sukari kwa nuru, na sukari hiyo hulipa tumbawe sehemu kubwa ya nishati yake. Spishi zenye mwani mwingi katika minyiri hufaidika kuianika juani. Zenye mwani mchache humo huitoa usiku, planktoni inapopanda, na mchana huiweka mbali na midomo ya samaki. Kwa hiyo swali la kwanza la mfugaji liwe: tumbawe langu ni la kundi gani? Tumbawe la mchana lililonyooka kupita kawaida yake, nyama ikiwa nyembamba na iliyovutika, mara nyingi linatafuta nuru ambayo taa haitoi.

Kisha kuna vita. Tumbawe liitwalo Galaxea, ambalo limo pia katika miamba ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, huotesha minyiri maalumu mirefu, wakati mwingine zaidi ya sentimita 20, inayopeperuka na mkondo usiku na kumchoma jirani. Mgeni akiiona husema tumbawe limenawiri. Asubuhi jirani ana doa jeupe la mfupa mtupu. Mengine hutoa nyuzi nyeupe kutoka tumboni na kumyeyusha jirani akiwa hai. Judith Lang aliieleza tabia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya kuyachunguza matumbawe ya Jamaika. Nafasi kati ya tumbawe na tumbawe si urembo, ni mpaka.

Kinachonivutia kuliko vyote ni matumbawe laini ya jamii ya Xenia, ambayo polipu zake hufumba na kufumbua mfululizo. Kazi hiyo inakula nishati nyingi. Kwa nini ifanywe usiku na mchana? Mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi Eilat, kwenye Bahari ya Shamu, walichapisha jibu kuhusu Heteroxenia fuscescens. Kila mpigo huisukuma juu oksijeni iliyorundikana kuzunguka minyiri, na mwani hutengeneza sukari kwa kasi zaidi oksijeni hiyo ikiondoka. Walipoongeza oksijeni kwenye maji kwa makusudi, faida ya mapigo ikatoweka.

Basi polipu ikinywea kwa siku kadhaa, pima kabla ya kugusa chochote. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27, chumvi karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji, kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Tazama pia nani anaidonoa. Dalili ya kutisha ni moja: polipu zinazobanduka kutoka kwenye mfupa na kuelea, kwa kuwa tumbawe lililozidiwa linaweza kuziacha zitoke mojamoja.

Ipo pia dalili ya furaha, ile ya kuzaa. Mwaka 2017 Jamie Craggs wa Jumba la Makumbusho la Horniman, London, na wenzake walichapisha namna walivyoyafanya matumbawe ya Acropora yazae kwa pamoja katika matangi yaliyo mbali na bahari. Waliiga joto la majira, macheo, machweo na mwezi wa miamba yalikotoka. Usiku wenyewe ukifika, kifurushi cha mayai na mbegu huonekana kikiwa kimekaa mdomoni mwa kila polipu, mara nyingi cha rangi ya waridi, kisha vyote hupaa karibu kwa pamoja. Mfugaji anayebahatika kuviona azime pampu mara moja, la sivyo zitavisaga.