Tunajitegemea: Maneno Yepi Yafaa Kuandikwa Chini ya Fatwa?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Masheikh wasiokuwa na cheo cha serikali wanapojibu masuali, inafaa wabainishe kuwa wanajitegemea. Lakini si kila neno linafaa.

"Sisi ni huru" halitoshi. Huru na nani? Mwengine atafahamu kuwa tumejivua na madhehebu. "Hatuhusiani na Ofisi ya Mufti" lina harufu ya ugomvi, na ugomvi haupo. "Hatubebi dhamana yoyote" ndilo baya zaidi, kwani anayefutu ana dhamana mbele ya Allah, na haimtoki kwa kuandika mstari.

Lililo wazi ni hili: "Jibu hili ni rai ya aliyelitoa. Si tamko la Ofisi ya Mufti wa Zanzibar wala la BAKWATA, na si hukumu ya kadhi wala ya mahakama."

Kwa nini tuvitaje vyombo kwa majina? Tuchukulie mama anayeishi Mgori, mkoani Singida, ambaye jamaa zake wa Unguja wamemtumia kwa simu fatwa inayohusu faskhi. Huku visiwani tunaye Mufti kwa mujibu wa sheria, na tunazo Mahakama za Kadhi. Kule aliko, ndoa inasimamiwa na Sheria ya Ndoa ya 1971: shauri huanzia baraza la usuluhishi, na talaka hutolewa na mahakama. Mama huyu akiidhani fatwa ni hukumu, akakaa eda kisha akaolewa, atakuwa ameolewa juu ya ndoa ambayo haijavunjwa. Mufti hueleza sheria. Anayesikiliza pande mbili na kuamua ni kadhi au hakimu.

Msingi wa jambo hili tunao. Katika hadithi ya Burayda iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (S.A.W.) alimuusia amiri wa jeshi kwamba watu wa ngome wakitaka wateremke kwa hukumu ya Allah, asiwakubalie hivyo, bali awateremshe kwa hukumu yake yeye, kwani hajui kama ataipata hukumu ya Allah au ataikosa. Ikiwa amiri aliyetumwa na Mtume mwenyewe alitakiwa aseme "hii ni yangu", sisi tuna haki zaidi ya kusema hivyo.

Nawe msomaji, unapompelekea jamaa yako fatwa, usiukate mstari huo wa chini. Mpelekee pamoja nao.

Wallahu a'alam.